Shule ya Sebuleni, Guangzhou

Kilichoizaa shule hiyo ni simu ya video. Bibi yuko Tanga, kajitanda kanga, kaisogeza simu hadi kinachoonekana ni kidevu na pua. Mjukuu yuko Guangzhou, ghorofa ya kumi na saba. "Hujambo, mjukuu wangu?" Mjukuu akajibu bila wasiwasi: "Marahaba." Bibi akanyamaza. Kisha akaomba apewe mama mtu.

Baba wa nyumba hiyo ni wakala wa mizigo. Hukusanya mali za wafanyabiashara wa Kariakoo, huzipima kwa CBM, yaani mita za ujazo, huzipakia kwenye kontena. Watoto wanasoma shule ya Kichina tangu asubuhi hadi jioni. Huko huandika mpaka vidole vife ganzi, na hata usingizi wa mchana upo kwenye ratiba. Wakirudi nyumbani, Kiswahili kilichosalia ni cha kugombania rimoti. Basi mama akatangaza: kila Jumamosi, sebuleni kwake, watoto wa Waswahili wa Xiaobei na mitaa ya jirani wanakaribishwa.

Kufungua shule yenyewe China si mchezo. Mama aliingia kwa viza ya kumfuata mumewe, na viza hiyo hairuhusu kazi. Juu ya hapo, tangu Julai 2021 serikali imebana biashara ya tuisheni, na vituo vya kulipisha havifundishi tena hesabu au Kiingereza wikendi kwa watoto wa elimu ya lazima. Kiswahili hakimo kwenye mtaala wao, lakini mama si mtu wa kujaribu bahati kwa mambo ya polisi. Ada ikafutwa kabla haijatajwa. Kila mzazi alete sambusa, na wengine, Mungu awasamehe, wakaleta za dukani.

Mwiba wa kwanza ulikuwa kalenda. China haitoi likizo ndefu bure: siku za mapumziko huunganishwa kwa kukopa wikendi, na deni lazima lilipwe. Mwaka 2024 mapumziko ya Sikukuu ya Taifa yalikuwa tarehe 1 hadi 7 Oktoba, na Jumamosi ya tarehe 12 ikageuzwa siku ya kazi na masomo. Mama hakuwa na habari. Aliamka alfajiri, akakanda unga wa mandazi, akatia iliki, akabandika karai. Mandazi ya kwanza yanaumuka kwenye mafuta, akawaona wanawe mwenyewe wakipita mlangoni na sare na mabegi mgongoni. Siku hiyo darasa zima lilikuwa mume wake, ambaye alifaulu kwa kula.

Kisha ikaja hali ya hewa. Mwishoni mwa majira ya baridi, hewa yenye unyevu kutoka kusini huingia Guangzhou na kukutana na kuta zilizopoa. Kuta zinatoka jasho, sakafu inateleza, nguo hazikauki hata kwa dua. Mama alikuwa amebandika kadi za irabu kwa gundi ya karatasi. Kulipopambazuka, a, e na i zilikuwa chini, zimejikunja. Watoto wakasoma o na u kwa ari kubwa.

Lakini kilicholeta wageni ni viatu. Ukikusanya watoto wa Kiswahili, viatu vinabaki mlangoni, na ukumbi wa ghorofa ile ukafanana na kibaraza cha msikiti siku ya Ijumaa. Mama wa kamati ya mtaa akapanda. Hakuuliza kuhusu shule. Alisema viatu vimeziba njia ya kukimbilia moto ukitokea, akapiga picha, akairusha kwenye kundi la WeChat la jengo.

Picha ilifanya kazi ya tangazo. Bibi mmoja wa ghorofa ya tisa alishuku kuwa kwa wageni panafundishwa Kiingereza kimyakimya, tena bure, akamleta mjukuu wake. Mama wa Kitanga hajazoea kumrudisha mtoto mlangoni. Wiki kadhaa baadaye bibi yule alikuwa akimsimamisha mjukuu ndani ya lifti ahesabu moja, mbili, tatu mbele ya majirani, naye akipokea pongezi, mpaka mwanafunzi mmoja wa chuo akamwambia kwa adabu kwamba hicho si Kiingereza.

Bibi akapanda hadi ghorofa ya kumi na saba. Mama akajitetea kwa Kichina cha sokoni. Bibi akasikiliza, akatafakari, akauliza kama hicho Kiswahili kina cheti. Na kama cheti kina muhuri mwekundu, maana pale karatasi isiyo na muhuri mwekundu ni karatasi ya kufungia karanga.

Muhuri mwekundu pekee uliokuwamo nyumbani ni ule wa baba wa kugongea maboksi. Ndiyo maana kwenye ghorofa ya tisa, ndani ya fremu safi ya kioo, kipo cheti cha Kiswahili, hatua ya kwanza, kilichothibitishwa kwa maneno haya: VITU VYA KUVUNJIKA, BEBA TARATIBU.