Mto Tuko Nao, Raha Hatuna

Jamaa zangu wa Nairobi wakisikia naishi Iftin, hapa Garissa, si mbali na Mto Tana, wananionea wivu. Wanadhani jioni tunaogelea, tunavua, tunachoma samaki huku miguu iko majini. Walahi wangejua! Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, lakini ufuo wake una wenyewe, nao ni mamba. Wanaota jua mchangani, kinywa wazi, kama watalii waliolipia hoteli wiki nzima. Zamu ya usiku inashikwa na viboko, wakikagua mashamba ya ndizi. Binadamu anayefika majini kila siku ni yule muuza maji wa mkokoteni wa punda, naye hana mchezo: jicho moja kwa mtungi, jingine kwa mto.

Kwa hivyo burudani yetu ni kukaa. Jua likianza kulegea, na la huku halilegei upesi, tunatandika mkeka nje ya kibanda cha chai. Chai ya maziwa ya ngamia, sukari hadi meno yanalalamika. Wazee wanachora mchezo wa shax mchangani. Kila mmoja ana kete 12: huyu kokoto, yule vijiti. Watazamaji ni wengi kuliko wachezaji, na kila mtazamaji ni bingwa. Juzi nilimnong'oneza mmoja asogeze kokoto ya pembeni. Abti (mjomba) wa upande wa pili alinigeukia: "Warya! Wewe umeulizwa na nani?" Nikarudi kwa chai yangu. Mshindi hapati hata shilingi, lakini atatusimulia ushindi huo mpaka Ramadhani. Vijana nao wako kwa mpira, na vumbi likitua timu zote mbili zina jezi ya rangi moja.

Siku ambazo hatuendi mtoni, mto huja wenyewe. Kule juu kuna mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Umeme wake wanagawana Wakenya wote. Maji yakizidi, tunagawiwa sisi. Mvua inanyesha Mlima Kenya na Aberdare, wewe uko Garissa hujaona hata wingu, kumbe godoro lako tayari limo hatarini. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa hivyo, na tena Aprili 2024: mashamba yakamezwa, watu wa mabula (mitaa) ya chini wakahama na watoto na mbuzi, barabara ya Nairobi ikakatika upande wa Madogo. Maji yakirudi mtoni yanasahau mbu wao hapa, na hakuna anayewafuata kuwachukua.

Hata hivyo, wewe unayepanga kuja likizo, karibu sana. Mkeka upo na chai ipo. Kuhusu mto, utazame ukiwa juu ya daraja. Na usije mikono mitupu: beba chandarua na kilo mbili za sukari.