Abiria Asiye na Hati

Tangu reli ilipoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, kwa jasho la vibarua wengi waliotoka Bara Hindi, garimoshi halijaona haja ya kuja kutujulia hali sisi watu wa Kilifi na Malindi. Kwa hivyo tumesalimika na fitina ya huko India, ambako abiria na mkaguzi huhojiana kutwa juu ya uhalali wa tikiti, kwani sisi, alhamdulillahi, tikiti yenyewe hatupewi.

Abiria wetu hupanda matatu Malindi, akatoa nauli taslimu kabla ya kufika Gede, na hati yake ya pekee ni kumbukumbu ya utingo, ambayo, kwa kudura zake Mola, huwa kali mno kwa anayedaiwa nauli na dhaifu kabisa kwa anayedai chenji. Abiria wafikapo Kilifi, gari likiwa na watu haba, huuzwa wote kwa gari jingine mithili ya mikungu ya ndizi, na utingo mpya akawanyoshea mkono kwa adabu kamili: "Nauli!"

Kanuni za matatu za Waziri Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zilitufunga mikanda; lakini juu ya abiria auzwaye, nauli yake adaiwe nani, twaendelea kubishana njiani.

Siku moja bibi mmoja alimtazama utingo huyo mpya, akajitanda buibui lake, akanena taratibu: "Mwanangu, ng'ombe akishauzwa, bei yake hadaiwi yeye."