Moto ama Baridi?

Baa ya Kenya humpokea mteja kwa swali moja: moto ama baridi? Baridi ni ya friji, moto ni ya kreti lililo nyuma ya kaunta. Ukiwa Limuru, bia ya moto ni ile isiyouma meno tu. Hapa kwetu Isiolo, ambako joto la mwezi wa pili hupita nyuzi 30 bila kupiga hodi, ya moto ni moto kwelikweli. Unaweza kuchovya mkate ndani yake.

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi, mhasibu kwa kazi, amegeuka mwonjaji wa bia tangu viwanda vidogo vya kupika pombe vilipoanza kuchipuka kule jijini. Akanitumia kwa basi chupa mbili za bia nyekundu, ile yenye kimea kingi, pamoja na karatasi ya masharti ambayo hata dawa ya mganga haina. Isitikiswe. Isipigwe na jua. Inywewe ikiwa nyuzi 10 hadi 12, katika glasi ya mdomo mpana, itazamwe, izungushwe, inuswe, ndipo ionjwe.

Mabasi yetu yana mizigo yake. Hupeleka Nairobi mitungi ya maziwa ya ngamia yanayongojwa Eastleigh, hurudi na mitungi mitupu. Bia yangu ilisafiri katikati ya mitungi hiyo, ikaruka kila tuta lililoko kati ya Nairobi na hapa. Huku kaskazini mtu akienda upande wa Nairobi husemwa bado kuwa amekwenda Kenya, kwa hiyo tuseme ilikuwa bidhaa ya kigeni. "Hii ni ya vioo," utingo alinionya, huku akinirushia.

Ilikuwa saa nane mchana, siku ya kazi. Sheria ya vileo ya 2010, iitwayo ya Mututho, inaziweka baa zimefungwa hadi saa kumi na moja, na chumba changu kina paa la mabati. Nyuzi 12 tuliziaga hapo.

Jioni nikamkabidhi mhudumu wa baa chupa zangu. Alikubali kwa sharti kwamba ninunue na nyama.

"Dada, ziweke kwa friji, lakini zisiwe baridi sana."

"Unataka moto ama baridi?"

"Katikati."

"Katikati hatuna."

Nikasubiri kwa kukadiria, nikaitisha moja. Kifuniko kilipong'oka lilitoka povu, likafuatwa na povu, na aliyekuwa ameketi mbele yangu, mzee mmoja Mmeru dereva wa lori, akapanguza mkono wa shati bila kusema neno. Iliyosalia niliimimina katika glasi ya soda iliyonukia sabuni. Nikaiinua kwenye taa. Rangi nzuri, wallahi: chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, yenye wekundu pembeni. Nikaizungusha.

"Kuna nzi?" mzee akauliza.

Nikamweleza. Shayiri inalowekwa, inaota, inakaushwa, hicho ndicho kimea. Sehemu yake inapikwa hadi sukari iungue ndani ya punje, na kidogo sana inakaangwa ikawa nyeusi, ili ilete wekundu. Hopsi ni kidogo, uchungu usifunike utamu. Nikampeleka hadi Ayalandi, asili ya bia hii nyekundu, mji wa Kilkenny, ambako ukoo wa Smithwick ulihesabu upishi wake tangu 1710, na ambako hali ya hewa yenyewe ni friji. Alinisikiliza kwa upole ambao watu humpa mgonjwa.

"Kijana, shayiri nimeibeba miaka mingi kutoka Timau," akasema. "Lete."

Akanusa. Pua za watu wa hapa si za kuchezewa: mama wa maziwa hufungua mtungi, huinama mara moja, akakwambia kama maziwa ni ya leo au yameanza kugeuka susa, yaani kuchacha, na kama chombo kilifukizwa moshi vizuri. Hana karatasi. Mzee naye hakuwa na karatasi. Akapiga fundo, akafumba macho.

"Mkate kwanza. Halafu tofi. Mwisho ni ukoko."

Nikafunua masharti ya rafiki yangu chini ya meza. Biskuti, yalisema, kisha sukari iliyoungua, na mwisho mkavu wenye ladha ya kukaangwa. Ule mwisho mkavu nilikuwa nimeutafuta kinywani tangu fundo la kwanza nikiambulia sabuni. Baada ya mzee kutaja ukoko, nikaupata papo hapo.

"Na hawa walioiunguza," akauliza, "wanaiuza bei gani?"

Nilipomtajia aliirudisha glasi mezani taratibu kwa mikono miwili, akaagiza Tusker. Ya moto.

Tukaitisha chupa ya pili, tuionje ikiwa imepoa sawasawa. Mhudumu akatazama friji, akatazama meza ya kona. Palikuwa na mteja aliyeomba ile baridi zaidi, akapewa yangu. Alilalamika kwamba ni bia iliyoharibika, ina ladha ya kuungua, akabadilishiwa, na ile ikamwagwa kwenye sinki.

"Lakini chupa yako nimekutunzia," akasema, akiiweka mbele yangu. "Haina kreti. Hatuwezi kuirudisha popote, na usiiache hapa."