Tukutane Wapi? Mwongozo kwa Admini Mpenda Haki

Kila kundi la mtandaoni lililodumu hufika usiku ambao mtu mmoja huandika, "Jamani, si tuonane walau mara moja kwa mwaka?" Mioyo myekundu inamwagika, watu ambao hawajatamka neno tangu Idi wanaibuka, na mmoja anaanza kupanga sare. Kisha mwingine anauliza, "Wapi?" Undugu unaanza kupimwa hapo.

Mwongozo huu ni wako wewe admini, ambaye saa nne usiku umebaki na swali hilo mkononi. Naandika kwa kundi ambalo tabia zake nazijua: la wapenzi wa ushairi, wafugaji wa kuku wa kienyeji, mashabiki wa taarabu, wowote wale, ilimradi wametapakaa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Mwanza, Kampala, Bujumbura, Lubumbashi, na wawili watatu wako Muscat. Nataka jambo moja tu: asibaki mtu nyumbani kwa sababu alikuwa mpole kuliko wenzake.

Usiulize kundini

Swali la "tukutane wapi?" likitupwa kundini huleta watu wa aina tatu. Wa kwanza anautaja mji wake mwenyewe, na anautaja kwa huruma: "Nawafikiria ninyi, huku kwetu gesti ni rahisi." Wa pili anaandika "mimi popote tu." Huyo muogope, maana hapo popote pakishatajwa ataguna. Wa tatu hasemi kitu. Alama mbili za buluu zinaonyesha amesoma, kisha kimya.

Huyo wa tatu ndiye wa kumtafuta. Mara nyingi ameshapiga hesabu ya nauli, hesabu imegoma, na haoni namna ya kulisema hilo mbele ya watu wanaomwita fundi wa kundi. Kura ya wazi haimsaidii, kwa kuwa kura huhesabu watu na yeye ni mmoja.

Kwa hiyo waandikie mmoja mmoja, pembeni. Waulize maswali manne. Utaanzia wapi safari? Huwa unasafiri kwa chombo gani: basi, treni, meli, ndege? Una hati gani ya kusafiria mkononi leo, si ile uliyoiomba? Na ni kiasi gani ukikitumia hutalazimika kukopa? Hilo la mwisho liulize kwa maneno hayohayo. Mtu ukimuuliza bajeti yake atakutajia heshima yake. Ukimuuliza habari ya kukopa, atakutajia fedha. Majibu yakae kwako na kwa mweka hazina, yasifike kwa mtu wa tatu hata awe admini mwenzako.

Usidanganywe na katikati

Katika kila kundi yupo mtaalamu atakayechukua latitudo na longitudo za miji yote, atafute wastani, alete nukta nyekundu kwenye ramani na kutangaza kwamba haki imepatikana. Mpokee kwa upendo, halafu mwombe akuonyeshe nukta hiyo iko wapi. Wastani wa Dar es Salaam, Zanzibar mjini na Mombasa unaangukia baharini, upande wa Nungwi, njiani kwenda Pemba. Wastani wa Kampala, Kisumu na Mwanza unaangukia ndani ya Ziwa Victoria, penye maji ya zaidi ya kilomita za mraba 68,000 na pasipo na ukumbi hata mmoja.

Hata nukta ikibahatika kutua nchi kavu, ramani haijui barabara. Kigoma na Kalemie zimetenganishwa na Ziwa Tanganyika tu. Ukikosa chombo cha majini utalizunguka ziwa zima. Kutoka Lubumbashi, Mbeya inaonekana kama jirani. Lakini mwanachama wako wa Lubumbashi atavuka Kasumbalesa aingie Zambia, aikate Zambia yote hadi Nakonde, ndipo aingie Tunduma. Ni mipaka miwili kwa mtu ambaye kwenye ramani nchi yake inapakana na Tanzania.

Swali lenyewe si geni. Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat aliwatolea wenzake fumbo: penye nukta tatu, ni wapi mahali ambapo jumla ya umbali kwenda zote ni ndogo kabisa? Mwitaliano Torricelli akalifumbua. Mwaka 1909 Mjerumani Alfred Weber alilihamishia kwenye viwanda, akitafuta mahali pa kukijenga kiwanda ili gharama za kusafirisha ziwe ndogo. Hesabu hizi zina tabia moja ambayo kila admini anapaswa kuijua kabla hajaonyeshwa jedwali: ukipima jumla ya safari za wote, na zaidi ya nusu ya wanachama wanaishi mji mmoja, basi jibu ni mji huohuo. Hao wengine hata wahamie Muscat, jibu halisogei.

Makundi mengi ya Watanzania yamejaa watu wa Dar, na ya Wakenya yamejaa watu wa Nairobi. Kikokotoo kitakuletea Dar au Nairobi mwaka huu, mwakani na miaka yote ijayo, na kitakuwa sahihi kwa kile ulichokiuliza. Kilichokosekana ni kuuliza nani anazibeba hizo kilomita. Ukizitia zote katika jumla moja huwezi tena kumwona mtu wa Bujumbura aliyemo ndani yake.

Wapo wanaopendekeza kipimo cha pili: mtazame mwenye safari mbaya kuliko wote, tafuta mahali panapoifupisha safari yake. Nakipenda zaidi, ila nacho kina mtego. Mtu mmoja aliyeko ughaibuni anaweza kuwaburuta watu themanini hadi uwanja wa ndege ulio karibu naye. Kitumie kama breki, usikikabidhi usukani.

Fungua daftari la mzigo

Haki ya mahali haipatikani kwa mkutano mmoja. Mkutano mmoja lazima umuumize mtu. Inapatikana kwa miaka, na ndiyo sababu kundi linahitaji daftari.

Kwa kila aliyehudhuria andika nauli ya kwenda na kurudi, saa alizokaa njiani, siku za kazi alizozipoteza na mipaka aliyoivuka. Kwa kila aliyetaka kuja akashindwa, andika kilichomzuia. Mwishoni mwa mwaka linganisha. Waliobeba zaidi kwa miaka mitatu iliyopita ndio wenye kauli ya kwanza kuhusu mji unaofuata, wawe wawili au ishirini. Na wenyeji wa mji wa mkutano, ambao nauli yao ni ya daladala na watalala vitandani mwao, watoe mchango mkubwa kuliko wageni. Hapa watapiga kelele. Waache wapige, kisha wasomee daftari.

Daftari likishajaa utaanza kuziona nafasi ambazo ramani ilizificha. Chukua Dodoma. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR inakwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa chini ya saa nne, na nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa ilikuwa shilingi 31,000. Ukiuhamisha mkutano kutoka Dar kwenda Dodoma, mtu wa Dar anapoteza asubuhi moja na nauli hiyo kwa kila upande. Mtu wa Mwanza anapunguziwa zaidi ya kilomita 400 za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi, na wa Bujumbura na Kigoma wanapumua. Tafuta uhamisho wa namna hiyo, unaowagusa wengi kidogo na kuwafaa wachache sana.

Au chukua kundi la Mombasa, Nairobi, Moshi na Arusha. Wote watagombania Mombasa kwa sababu ya bahari. Mimi ningewatazamisha Voi. Treni iliyoanza mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi inasimama pale, na kutoka Moshi kuna barabara ya lami inayopita Holili na Taveta, mpaka ambao taratibu za nchi mbili zinamalizwa chini ya paa moja. Hakuna wimbi la bahari Voi, nakubali. Lakini wote watakuwa wamesafiri, na chakula cha jioni kitaliwa na watu waliochoka sawa.

Msidhani makundi makubwa duniani yamevuka salama hapa. Wahariri wa Wikipedia na miradi yake dada hukutana katika mkutano wao unaoitwa Wikimania, ulioanza Frankfurt mwaka 2005. Umezunguka kweli: Taipei, Alexandria, Buenos Aires, Hong Kong, Mexico City. Hata hivyo ulichukua miaka 13 kufika kusini mwa Sahara, Cape Town mwaka 2018, na miaka 20 kufika Afrika Mashariki, Nairobi, Agosti 2025. Kwa muda wote huo mhariri wa Tanzania au Uganda aliyetaka kuhudhuria ana kwa ana alihitaji ndege, na mara nyingi viza. Wenzetu hao hutoa ufadhili wa nauli na malazi kwa baadhi ya washiriki, na hilo ni la kuigwa. Lakini aliyelipiwa kwenda kwa wengine mwaka hadi mwaka bado hajawahi kukaribisha mgeni, na kukaribisha nako ni haki. Liandike daftarini.

Jambo jingine la kujifunza kwao ni la mwaka 2016, walipokutana Esino Lario, kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia chenye wakazi wasiofika elfu moja. Mji usio wa mwanachama yeyote una faida yake: hakuna mwenyeji wa kujigamba wala mgeni wa kujikunyata. Singida, Babati, Kahama, zote zinafaa kufikiriwa. Gharama yake ni kwamba watu wawili lazima watangulie siku mbili kabla, wakague choo, maji, njia ya kiti cha magurudumu, na kama mama anayenyonyesha ana pa kukaa. Wakague pia kama basi linalofika usiku linamshusha abiria penye taa na watu. Dada zetu wengi hukataa mwaliko kwa sababu hiyo moja, na hawaisemi.

Mpaka na kalenda

Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Mtanzania anayevuka atahitaji pasipoti au hati ya dharura. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, lakini afisa wa dirishani bado yupo, na bado ataomba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Toa taarifa ya mji miezi minne kabla, na ndani ya taarifa hiyo taja hati zinazotakiwa kwa kila nchi. Ndugu zetu wa Muscat hawapangi likizo zao wenyewe. Tajiri ndiye anayepanga. Waulize tarehe kabla ya kuwauliza mji.

Mahali hubadilika na msimu. Dodoma ya Aprili hadi Juni, Bunge likiwa kwenye bajeti, vyumba vyake si vya bei ile ya Oktoba. Arusha inajivunia makao makuu ya Jumuiya, na ina haki ya kujivunia, ila Desemba mabasi ya kaskazini hujaa watu wanaokwenda Kilimanjaro kula Krismasi kwao, na kundi lako litagombania viti na ukoo mzima. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama kumi na moja kila mwaka. Itazame kwenye kalenda ya mwaka husika, usikisie. Zanzibar ni nzuri kuliko maneno yangu, lakini tiketi ya boti ya mwenyeji na ya mgeni hazilingani bei, kwa hiyo kabla hujaitaja jua nani kati ya watu wako ataitwa mgeni.

Kutangaza

Mji ukishapatikana, usitangaze jina tupu. Tangaza na hesabu: miji mitatu iliyofika mwisho, gharama ya safari kutoka kila pembe, na kwa nini huu umeshinda. Majina ya watu yasiwemo. Mtu akiona hesabu atanung'unika kwa adabu, na akikuta kosa ndani yake, mshukuru na urekebishe.

Msaada wa nauli utoke kwenye mfuko wa wote na utumwe kwa M-Pesa au njia nyingine kabla ya safari. Habari ya "lete tiketi tukurudishie" inamsaidia mwenye fedha tayari. Aliyepewa asitajwe, asipigwe picha akishukuru, asipewe kazi ya kuosha vyombo.

Mji wa mwaka unaofuata uzungumzwe siku ya mwisho ya mkutano, watu wakiwa bado wanaonana nyuso, daftari likiwa mezani. Lifungueni asubuhi, kabla basi la kwanza halijaondoka. Mtu wa Lubumbashi ndiye atakayewahi kuondoka, kwa hiyo aanze yeye kusema.