Muulize Profesa Tranziti: Watoto watatu, ndege mbili, dakika 55

*Profesa, shikamoo. Mimi na mume wangu tunataka kuwapeleka watoto Toronto mwezi wa Julai, kwa kaka yangu. Mkubwa ana miaka tisa, wa kati mitano, na mdogo atatimiza miwili tukiwa hukohuko. Wakala ametupa njia mbili. Ya kwanza ni tiketi moja kupitia Addis Ababa, ambako tutakuwa na dakika 55 za kubadilisha ndege. Ya pili ina bei nafuu: tiketi mbili tofauti, tunashukia Heathrow na kupandia Gatwick. Mume wangu anaipenda hiyo ya pili. Tufanyeje? – Mama Watatu, Tabata*

Marahaba, Mama Watatu, marahaba sana. Umefanya busara kuniandikia mimi badala ya kumuuliza yule jirani yako aliyewahi kufika Guangzhou. Najua yupo, kila mtaa wa Tabata una mmoja. Yeye anaijua safari yake. Mimi nazijua safari. Watu wazima wenye heshima zao wamenisimamisha soko la Kisutu, mkononi nimeshika kuku, wakaniuliza habari za Frankfurt, nami nikawajibu zote bila kumweka kuku chini.

Kabla hatujafika Addis, turudi kwanza mwaka 1952. Usinung'unike, nauli ya safu hii ni ileile. Tarehe 2 Mei mwaka huo ndege ya jeti aina ya Comet, mali ya shirika la Waingereza la BOAC, iliondoka London na abiria wa kulipa, jambo ambalo jeti ilikuwa haijawahi kulifanya. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ndipo ikafika Johannesburg. Vituo vitano, na hakuna aliyeachwa na ndege ya kuunga, kwa sababu ndege ilikuwa ileile! Marehemu babu yangu alikuwa Entebbe siku hizo, na kwa maelezo yake mwenyewe rubani alimpungia mkono yeye peke yake, ingawa watu walikuwa wamejaa hadi kwenye uzio. Ukoo wetu ulianza kutambuliwa na marubani zamani sana.

Nimekusimulia haya ili usije ukamshusha mtoto mahali pasipo pake. Uwanja wa Bole pale Addis uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na ndege nzito yenye matangi yaliyojaa hupaa kwa taabu. Kwa hiyo ndege za kutoka Addis kwenda Amerika ya Kaskazini mara nyingi hutua njiani kuongeza mafuta. Ikitua, kaeni vitini. Hamjafika, hiyo si Toronto, na mume wako asianze kuteremsha mabegi kwa pupa. Halafu Julai ni msimu wa mvua Addis na usiku kuna baridi, basi sweta za watoto zikae kwenye begi la mkononi. Zikiwa tumboni mwa ndege zitawapasha joto masanduku.

Sasa hizo dakika 55. Wakala hakukudanganya. Kila uwanja una muda wa chini kabisa wa kuunga ndege, na mfumo wa kukata tiketi haukubali kuuza tiketi moja iliyo chini ya muda huo. Lakini walioupanga walimfikiria bwana mmoja mwembamba, aliyekaa safu za mbele, ambaye hajawahi kuambiwa "mama, nataka kukojoa" akiwa ameshafika kwenye mashine ya ukaguzi. Tena dakika hizo zinahesabiwa tangu saa ambayo ndege imepangiwa kufika, wala si pale mlango unapofunguliwa. Toa dakika za kusubiri ngazi na basi. Toa foleni ya ukaguzi, maana abiria wa tranziti hukaguliwa upya, pamoja na mikanda na chupa za maji. Toa dakika za kutafuta kiatu cha kushoto cha yule wa kati. Na geti hufungwa kabla ndege haijaondoka, mara nyingi dakika 15 au 20. Ukimaliza kutoa utabaki na muda wa kusema bismillahi, na useme haraka.

Tiba yangu, ambayo naitoa bure ingawa thamani yake ni kiwanja Kigamboni, ni mazoezi. Jumatatu jioni, saa watu wanatoka kazini, ichukueni familia nzima na mabegi yote mpande Mwendokasi kutoka Gerezani. Mabegi yasiwe matupu, yajazeni mchele wa Kyela. Shukeni Magomeni mbadilishe basi, wazazi wawili na watoto watatu, bila kumwachia mtu begi wala mtoto. Mkirudi nyumbani mkute mama mkwe amekaa mlangoni, ndiye afisa wa Uhamiaji, asimpitishe yeyote hadi ajibu anakwenda wapi, kwa nani na atarudi lini. Mama mkwe hahitaji mafunzo kwa kazi hii. Watoto wafungwe viunoni kwa kanga, mmoja baada ya mwingine, msafara uwe mmoja. Atakayepotelea Magomeni abaki Magomeni, mtamchukua Agosti.

Wapo watakaosema njia hii ni ya kikatili. Wivu huo. Tangu nianze kufundisha mbinu ya kanga, wapinzani wangu hawana usingizi, na mmoja amefungua safu yake ya ushauri katika gazeti ambalo sitalitaja kwa kuwa halisomwi.

Tumfikie mume wako. Mwambie Profesa anampenda, kisha mwambie hapana. Kati ya Heathrow na Gatwick kuna kilomita sitini na kitu, na sehemu ya njia hiyo ni barabara ya M25, ambayo Waingereza wenyewe huitaja kwa sauti ya msibani. Begi lenu halitajipeleka. Mkiwa na tiketi mbili litatoka nje Heathrow, nanyi mtalifuata. Kulifuata ni kuingia Uingereza, na kuingia Uingereza kuna habari zake za viza ambazo lazima mzimalize kabla ya kulipa hata shilingi. Na mkichelewa? Aliye na tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikamwacha, shirika humtafutia nyingine bila kumdai nauli mpya. Aliye na tiketi mbili hana mwenyewe. Shirika la pili halina habari kwamba mlikuwa angani mnaomba dua, kwao ninyi ni watu mliolala. Tena mtu asipotokea kwenye kipande cha kwanza cha tiketi yake, vipande vilivyobaki kwa kawaida hufutwa, na cha kurudi kikiwemo. Ile bei nafuu itakuwa imewafikisha Gatwick, mkaone ndege za wenzenu.

Na wakala akija na njia ya tatu ya kupitia Marekani, mwitikie kwa adabu ufunge mlango. Kule hakuna kukaa ndani ya tranziti ukisubiri. Kila abiria hupita Uhamiaji, huchukua begi lake na kulikabidhi upya, na kwa pasipoti ya Tanzania lazima uwe na viza ya Marekani hata kama haja yako ni kunywa maji uondoke. Familia ya watu watano, viza za nchi mbili, kwa ajili ya maji. Mimi hata maafisa wa ubalozi huniuliza, "Wewe tena?", na nachukulia kwamba wanauliza kwa heshima.

Huyo mdogo sasa. Mtoto wa chini ya miaka miwili husafiri mapajani kwa nauli ndogo, mara nyingi kama asilimia kumi ya nauli ya mtu mzima. Siku anapotimiza miwili anakuwa raia kamili wa angani na lazima awe na kiti chake. Wa kwako ataondoka Dar es Salaam akiwa mapajani na kurudi akiwa bwana mwenye kiti, basi kiti hicho kikatwe leo, msije mkakigundua kaunta ya Toronto. Nilifikiria kukushauri umcheleweshe kukua, lakini pasipoti imeandikwa tarehe. Kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani kina kikomo cha uzito, kwa ndege nyingi kilo kumi au kumi na moja hivi, na mtoto wa Tabata wa miezi ishirini na kitu alishakivuka tangu siku za uji. Usihangaike kukiomba.

Mhariri amepitisha kichwa mlangoni, kwa hiyo nakimbia. Chukueni tiketi moja kupitia Addis, lakini mwambie wakala awape ndege inayowaachia saa tatu au zaidi pale. Akisema haipo, aangalie njia ya Doha, ambako kuna dubu la manjano la mita saba lenye taa kichwani, na mtoto akipotea mnakutana chini yake. Kama kusubiri kutafika saa nane na zaidi, ulizeni kabla ya kulipa kama shirika linatoa hoteli. Baadhi hutoa kwa wenye tiketi moja. Ombeni viti vya mbele, mahali pamoja. Dar es Salaam pale kaunta, someni lebo ya kila begi: iandikwe YYZ, ndiyo Toronto, isiishie ADD. Viza za Kanada ombeni mapema, na mdogo naye anahitaji yake, ingawa walio chini ya miaka 14 hawachukuliwi alama za vidole. Kadi ya njano mbebe. Tangu Julai 2016 haina tena mwisho wa miaka kumi. Na vyakula vya kaka yako vyote vitajwe kwa maafisa wa Kanada, hadi ile achari iliyofichwa ndani ya soksi.

*Profesa, tiketi yetu ya kwenda Istanbul, ambako tunaunga ndege ya Berlin, imeandikwa Jumamosi 00:45. Mimi nasema twende uwanjani Jumamosi jioni. Mama yangu, ambaye hajapanda ndege maisha yake, anasema usiku wa Jumamosi ni ule wa kuamkia Jumamosi. Nani mkweli? – Baba Pacha, Mwanakwerekwe*

Mpe mama mkono, kisha umpe na funguo za gari. Wazee wa pwani huanza siku kwa usiku wake: Ijumaa ikishapita magharibi, hapo ni usiku wa Jumamosi, na ndege yenu itaruka saa saba kasorobo ya usiku huohuo. Ijumaa saa tatu na nusu usiku muwe uwanjani. Ukienda Jumamosi jioni utaikuta imeondoka tangu usiku uliopita, na pacha wameshavaa viatu vipya.

Saa za kwenye tiketi huwa ni za mahali husika, na huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Waethiopia husoma saa kama sisi, saa moja ikiwa asubuhi, lakini hata shirika lao huandika tiketi kwa hesabu ya kizungu. Mimi nilijaribu kulirekebisha jambo hili kwa barua ndefu, ambayo naamini bado inajadiliwa ngazi za juu.

Halafu Istanbul ina viwanja viwili: ule mkubwa mpya wa upande wa Ulaya, ulioanza kutumika kikamilifu Aprili 2019, na Sabiha Gökçen upande wa Asia. Tazama herufi: IST na SAW. Kama tiketi yako inafika mmoja na kuondokea mwingine, usiniandikie tena, mpigie wakala leo hii. Wengine mwenye swali alete, ila ya mizigo iliyozidi kilo mwulizeni jirani wa Guangzhou.