Sifa za Ushuru wa Paking

Karafuu imesifiwa, urojo umesifiwa, na milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar imepigwa picha hadi imechoka. Ushuru wa paking peke yake ndio uliobaki yatima: unachapa kazi kila siku mbele ya macho ya watu, na hapana anayeutaja ila kwa kuulaani. Leo nataka kuulipa haki yake ya sifa, maana ndiyo deni pekee ninalodaiwa mjini ambalo halipandi kadiri ninavyochelewa.

Kwanza nausifu kwa uadilifu. Ushuru huu haujui mkubwa wala mdogo. Gari la mwenye hoteli Shangani na kigari cha mkopo cha mtandika vitanda wa hoteli hiyohiyo vikisimama bega kwa bega, vinatozwa sawasawa. Mahakama ngapi zinaweza kujigamba hivyo? Tuseme ni elfu moja tu kwa siku, kwa siku 26 za kazi: jumla 26,000. Kwa bosi hiyo ni bei ya chakula cha mchana, tena akila peke yake. Kwa anayepokea 347,000, kima cha chini ambacho Serikali ya Mapinduzi iliwatangazia watumishi wake mwaka 2022, ni karibu mshahara wa siku mbili. Gari linapumzika, mwenyewe anafanya kazi kulilipia mapumziko. Kwa uungwana huo, gari la masikini limekuwa bwana.

Pili nausifu kwa afya. Mwenye kuukimbia huacha gari Michenzani au Kikwajuni, kisha akakata kwa miguu mpaka Forodhani. Anafika kazini kesha kutoka jasho ambalo wageni hulilipia kwenye vyumba vya mazoezi. Akitoka usiku, miguu imevimba kwa kusimama jikoni, anapewa zamu ya pili ya mazoezi bila ya malipo.

Tatu, nausifu kwa kuunga udugu. Mtozaji ni kijana wa watu, kutwa juani, anatukanwa na watu wenye mshahara kama wake. Lau si ushuru, yeye na muuza duka jirani yake wangeishi Kwahani miaka yote bila ya kujuana. Sasa wanajuana vizuri, hata wanaitana majina ambayo hayamo katika vyeti vya kuzaliwa.

Lakini sifa yake kubwa ni kulinda historia. Zamani Mji Mkongwe ulitengana na Ng'ambo kwa hori la maji ya bahari. Mawe huku, vibanda vya udongo kule, na katikati daraja lililoiachia Darajani jina lake. Hori likafukiwa kidogo kidogo mpaka likamalizika katika miaka ya 1950, na wengi tukadhani habari zake zimekwisha. Ushuru umelichimba upya, bila ya jembe wala mkandarasi. Anayemudu anavuka na gari lake. Asiyemudu anaegesha ng'ambo ya pili.

Wapo wabishi watakaouliza: kwani hawezi kupanda daladala? Swali zuri, na kwa kawaida mwenye kuliuliza saa tano za usiku huwa kitandani. Muosha vyombo wa mkahawa wa watalii hutoka kazini mgeni wa mwisho anapoweka chini gilasi. Saa hizo gari za Fuoni na Bububu ni za kubahatisha. Mwaka 1905 palikuwa na treni kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, maili 7 hivi, lakini abiria wake waliikosa tangu miaka ya 1920. Waliozaliwa baada ya hapo wajilaumu wenyewe kwa kuchelewa kuja duniani.

Hata hivyo, hoja ya ushuru si ya kupuuzwa. Mkoa wa Mjini Magharibi ulihesabiwa watu 593,678 mwaka 2012. Mwaka 2022 wakawa 893,169. Mji Mkongwe, urithi wa dunia kwa UNESCO tangu mwaka 2000, umebaki na hekta zake 96, na vichochoro vilivyopimwa kwa punda na hamali. Gari zote haziingii, na lazima kitu kizuie. Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitoa kitabu kizima mwaka 2005 kueleza kwamba hata paking ya bure ina gharama zake, na hulipiwa na asiye na gari pia. Huyo ndiye shahidi mkubwa wa upande wangu, isipokuwa alitia sharti linalonikera: fedha zitumike mtaani palepale zilipokusanywa, na watu wazione kwa macho.

Basi, ewe ushuru, sifa moja nimekuwekea akiba. Siku utakapolipia gari ya usiku kutoka Darajani hadi Fuoni na Bububu, na kumpa mfanyakazi wa zamu kibali cha kuegesha kwa bei anayoimudu, nitakusifu bila ya mzaha, tena hadharani. Kabla ya hapo, unachomtoza mtu huyu si bei ya kuegesha gari. Ni faini ya kukosa basi.