Sifa za Springi Iliyobaki

Anayeiona bunduki ya zamani husifu mtutu. Mwenye jicho kali ataisifu mbao, atapapasa mwaka uliogongwa kwenye chuma karibu na kitako, atatikisa kichwa kama anayeonja biriani. Mimi huu ni usiku wa tatu niko mezani, na sifa zangu zote nazipeleka kwa springi moja, ndogo kiasi cha kupotea kwenye bakuli la karanga, iliyobaki juu ya gazeti wakati kila kitu kingine kimesharudi kwao.

Bunduki yenyewe ni Lee-Enfield, ile fupi ya Mark III ambayo Waingereza waliianzisha mwaka 1907. Yangu iliundwa Lithgow, Australia, mwaka 1941. Niliinunua hapa Minnesota kwa sababu babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, na mwaka huohuo alikuwa Uhabeshi akipigana na Waitalia, begani ana bunduki ya aina hii. Ilinifikia imejaa grisi hadi ndani ya skrubu. Nikasema nitaifungua, niisafishe, niifunge. Maneno matatu mepesi. Kufungua kulichukua saa moja.

Springi hii makao yake ni kishimo ndani ya mbao ya mbele, chini ya mtutu, karibu na pua. Imevaa kijiti cha chuma kichwani, na kazi yake ni kuusukuma mtutu juu, basi, usije ukatetemeka upendavyo risasi inapotoka. Kazi hiyo huifanya gizani. Komeo lina namba ambayo lazima ilingane na ya bunduki, vyuma vingine vimegongwa mihuri ya wakaguzi mpaka vinafanana na pasipoti ya mfanyabiashara wa Kariakoo. Springi yangu haina namba, haina muhuri, haina hata kovu. Na ndiyo iliyonifungulisha bunduki nzima mara ya pili.

Ukarimu wake nao usisahaulike. Usiku wa pili niliiweka mahali pake, nikaibana kwa kidole, nikanyoosha mkono mwingine kuchukua bisibisi. Ikaruka. Nilisikia ting! kwenye mfuniko wa sufuria ya wali, kisha kimya. Mke wangu akauliza kutoka sebuleni nimevunja nini. Nikamjibu hakuna, jibu ambalo ukiitazama bunduki lilikuwa kweli. Nilipiga magoti na tochi nusu saa. Chini ya friji nilikuta hereni yake iliyopotea tangu Ramadhani, kifuniko cha kalamu, na tende moja iliyokauka kama jiwe. Springi nilikuja kuiona baadaye, ndani ya kandambili yangu mwenyewe. Niambieni ni mtutu gani umewahi kumrudishia mwanamke hereni.

Watu wenye busara waliniasa mapema kuhusu skrubu ya kitako: ncha yake ni ya mraba, inaingia kwenye kibati kilichomo ndani ya mbao ya mbele, na ukiizungusha kabla ya kuitoa mbao hiyo, mbao inapasuka. Hilo nililizingatia. Lakini hakuna aliyenitajia springi. Ndiyo heshima ya mambo madogo, hujitambulisha yenyewe.

Leo imeingia. Nimekandamiza mbao kwa goti, nimekaza pua ya bunduki, nimetazama gazeti mara mbili: halina kitu isipokuwa grisi na matokeo ya mpira. Sitaipiga risasi mpaka fundi wa silaha aikague. Hata hivyo furaha ilinizidi, nikampigia mjomba Songea, huko kukiwa kumekucha.

"Shikamoo mjomba. Nimeifunga bunduki kama ya babu!"

"Marahaba. Umeifunga? Kwani ulikuwa umeifungua?"

Nikamweleza habari za mbao, pua na springi. Akacheka mpaka akakohoa. Babu, akasema, aliwasimulia mara nyingi: askari aliruhusiwa kutoa komeo na magazini, basi. Kwenye kitako aliwekewa kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu, hayo ndiyo yaliyokuwa fungu lake. Kutia bisibisi kwenye mbao ilikuwa kazi ya fundi wa jeshi, na Keya aliyejaribu alikiona cha moto.

Nikaitazama ile bunduki. Kumbe babu alibeba ya aina hii siku zote zile, kiganja cha kushoto chini ya mbao, na springi iko mbele ya vidole vyake ikisukuma, wala hawakuwahi kuonana.

"Sasa wewe," mjomba akasema, "nani alikutuma uifungue?"

Nikamwambia mtandao unakatika.